Dar hadi Lushoto kwa gari lako: pa kula na pa kulala

Aliyekulia Dar na kwao ni kaskazini anaijua ladha ya njia hii kupitia dirisha la basi. Mayai ya kuchemsha na chumvi iliyosokotwa kwenye gazeti, machungwa yaliyomenywa, mahindi ya kuchoma, korosho za kupima kwa kikombe: vitu vilipanda, hela ikashuka, chenji ikakimbizana na basi. Enzi hizo za stendi ya Ubungo, dereva ndiye aliyekuchagulia pa kula. Ukienda na gari lako, njia ni ile ile lakini chakula ni kingine, kwa sababu kilicho kizuri hakikai barabarani. Kiko hatua hamsini nyuma ya stendi, wanakokula bodaboda na wapakiaji mizigo, watu ambao kesho watarudi na wakilishwa kiporo watasema.

Tokeni Dar saa kumi na moja alfajiri, na msipite Kibaha. Barabara ya Morogoro inabeba malori yote ya Zambia na Kongo, na ukikwama Kimara asubuhi umeshaipoteza siku. Piteni Bagamoyo, halafu mshike lami ya kilomita 64 inayotokea Msata, ambako mnaingia moja kwa moja kwenye barabara ya Segera. Foleni ya Chalinze mnaiacha pembeni.

Bagamoyo ni pa kunywa chai tu. Tafuteni mama anayechoma vitumbua muda huo huo. Kitumbua kizuri kina ukingo wa kahawia unaokatika na kiini laini chenye vitundu. Kikishakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko kinatoa jasho, ukingo unalegea, na hapo unakula unga mtamu tu. Samaki wa mnadani waacheni, hata wakiwa wa bei ya kutupa, kama hamna kasha la barafu. Joto la buti halina huruma.

Mbele kidogo ni Kiwangwa, na Kiwangwa ni nanasi. Hapa wengi wanaibiwa na macho yao wenyewe. Nanasi haliivii nyumbani: likikatwa shambani halina akiba ya wanga wa kugeuka sukari, kwa hiyo lile la kijani litalainika, litanukia, lakini utamu hautaongezeka. Chagua lililoanza kuwa la njano kuanzia kitakoni kupanda juu, zito kuliko linavyoonekana, na unuse kitako. Harufu ya tunda ni sawa, harufu ya pombe maana yake limeshaanza kuchacha. Kile kipimo cha kunyofoa jani la katikati hakikuambii mengi, maana jani hung'oka hata kwenye nanasi lililopigwa jua siku tatu. Nunua la kula siku hiyo na moja la kesho, basi.

Kutoka Msata kwenda juu, daraja jipya la Wami limefuta ile kero ya zamani ya kusubiriana kwenye daraja jembamba. Kilichobaki ni vibao vya mwendo wa 50 kwa saa. Kila kijiji kina chake, na trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo hakai mwanzoni mwa kijiji, anakaa pale mwishoni ambapo mguu wako umeshaanza kukanyaga mafuta. Faini ni shilingi 30,000, ambayo ni sahani kadhaa za wali kuku.

Segera ndipo njia ya Tanga inapochepuka kulia, na ndipo machungwa ya Muheza yanapojaa. Wageni wanayakwepa kwa sababu ni ya kijani. Rangi hiyo si ubichi: ganda la chungwa huhitaji usiku wa baridi ili lipoteze ukijani wake, na pwani hakuna usiku wa aina hiyo. Angalia ganda laini lenye vitundu vidogo na uzito mkononi. Lenye ganda nene la mabonde mabonde lina maji kidogo. Kama mnanunua tenga, mwambieni muuzaji alimwage mbele yenu, kwa sababu yale makubwa ya juu mara nyingi ni pazia.

Baada ya hapo ni mkonge pande zote hadi Korogwe na kuendelea. Zao zima hapa nchini lilianzia kwenye miche 62 iliyopona kati ya ile aliyoiagiza Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida mwaka 1893. Watoto wakiuliza hiyo mistari ni ya nini, mna jibu la kilomita ishirini.

Mombo ndipo mabasi yanapokula, na hapo ratiba ni muhimu kuliko jina la hoteli. Mkiingia pamoja na mabasi mtapata chipsi za mafuta yaliyochemka tangu alfajiri na kuku aliyekaangwa mara ya pili. Fikeni kabla hayajamiminika, au ngojeni yakiondoka sufuria mpya zikibandikwa. Wali, maharage ya nazi na mchicha haviwaangushi. Kuku wa kienyeji ni suala jingine: akichinjwa na kuchemshwa ipasavyo anachukua saa nzima na zaidi. Akija ndani ya dakika kumi, ama si wa kienyeji ama ni wa jana. Pigeni simu mkiwa Korogwe, aanze kuiva kabla hamjafika.

Kabla ya kupanda milima ya Usambara, fungua boneti uangalie maji ya rejeta injini ikiwa imepoa. Kilomita 33 za Mombo hadi Lushoto ni kona juu ya kona, na gari lenye rejeta chafu litachemka kabla ya Soni, mji mdogo ulio njiani. Zima kiyoyozi, tumia gia ndogo, piga honi kwenye kona zisizoonekana, maana malori ya kabichi yanashuka yakiwa yamejaa. Pandeni mchana. Usiku kuna ukungu, na ukingo wa barabara hauonekani.

Sasa malazi, ambako pesa hupotea kirahisi. Lushoto, ile Wilhelmstal ya Wajerumani, ina gesti za mjini, hosteli za kanisa na loji za pembeni. Kwa familia, hosteli za kanisa ndizo bora kwa maoni yetu: shuka safi, kimya, chai ya asubuhi ya maana. Sharti lake ni kwamba geti hufungwa mapema na bia haiingii, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa. Gesti za karibu na stendi ni rahisi, ila honi ya basi la kwanza italia kabla ya adhana.

Popote mtakapofika, msilipe mapokezi. Ombeni ufunguo kwanza. Ukiambiwa "self", yaani chumba chenye choo na bafu ndani, fungua bomba la moto na ulisubiri dakika mbili kamili, kwa sababu hita nyingi zinawaka taa bila kupasha. Vuta maji ya choo. Tandaza chandarua chote, matundu hukaa upande wa ukutani. Nusa godoro, si shuka: milimani unyevu huingia kwenye sponji na mgonjwa wa pumu hatalala. Jaribu komeo la ndani. Uliza bei ni kwa chumba au kwa kichwa, na chai imo au haimo. Mwezi wa sita hadi wa nane dai blanketi la pili mapema, maana saa tatu usiku yameshagawanywa. Umeme ukikatika, ndoo ya maji ya moto kutoka jikoni ni haki yako, iulizie wakati wa kupanga bei.

Chakula cha kukumbukwa kiko Irente, kwenye shamba linalotengeneza jibini, jamu na mkate wa rai (nafaka ya jamii ya ngano). Mlo wao ni baridi, wa mkate na vya shambani, hivyo asiyeshiba bila ugali atangulize kifungua kinywa kizito. Toeni oda mapema, kisha mtembee hadi kwenye ukingo wa mlima mkaione tambarare iliyo chini.

Siku ya kurudi, nunueni matunda Soni, si Lushoto mjini, ili yapunguze kilomita za kurushwa kwenye kona. Plamu za mwishoni mwa mwaka zichukuliwe zikiwa ngumu na zenye ule unga mweupe juu ya ganda. Zilizoiva zitakuwa jamu kabla ya Segera. Zipangwe kwenye boksi la karatasi, safu mbili tu, karoti na kabichi zikae chini. Kwenye mteremko tumia gia ile ile uliyopandia. Ukishikilia breki njia nzima zitapata moto na kanyagio litazama, na ukisikia harufu ya kuungua, egesha mahali pa wazi, nusu saa, bila kumwagia maji magurudumu.