Siku moja maishani mwangu: jiko la zamani Ngamiani, hatuvunji ukuta

Saa 11 alfajiri

Adhana ikishalia sina usingizi tena. Nikitoka kuswali napanga begi mwenyewe, dogo anaenisaidia simwachii hiyo kazi maana kifaa kikisahaulika home asubuhi yote inaharibika kwa kwenda na kurudi. Leo nimeweka msasa namba 120, 180 na 240, bisibisi, kisu chembamba cha ncha, tepu ya karatasi, brashi, rola ya sponji na matambara ya pamba ya kutosha. Mi ni fundi rangi, ila siku hizi kazi inayonitafuta zaidi ni majiko ya zamani, mtu anataka jiko lake lipendeze na hela ya kubomoa hana, na wapo ambao hela wanayo ila mi mwenyewe ndo nawaomba wasibomoe, leo nifuateni muone kwa nini.

Saa 1 asubuhi

Mji wetu wa Tanga ni tambarare kwa hiyo baiskeli inatosha, nakata mitaa mdogo mdogo mpaka Ngamiani kwenye zile barabara za namba. Nyumba yenyewe ya kizamani, kuta za mawe na chokaa, jiko liko uani. Hodi hodi, shikamoo mama, marahaba mwanangu, mmeamkaje huko, tumeamka salama mama sijui nyie. Dogo tayari ameshafika.

Jiko liko hivi. Kabati za mninga, milango ya paneli, zimepakwa rangi ya mafuta ya krimu ambayo kwa moshi na miaka imegeuka njano. Vishikizo vya plastiki ya kahawia na nusu vimeshakatika. Nyuma ya sinki vigae vyeupe vya inchi 4, kigae kizima ila mistari yake imekuwa myeusi kwa masizi. Ukuta nusu umepakwa kijani cha glosi, juu chokaa. Tyubulaiti moja darini. Pembeni kuna kijukwaa cha saruji cha jiko la mkaa, na hapo hapo juu yake siku hizi kuna jiko la gesi, mtungi umesukumwa ndani ya kabati la chini na mlango umefungwa. Hiyo ya mtungi nitaisema baadae kwa sababu ndo kitu kilichoniogopesha zaidi kwenye nyumba hii.

Binti wa mama yuko Dar, anatuma picha WhatsApp za majiko meupe yanayong'aa, yeye alitaka tung'oe yote ziwekwe kabati mpya za MDF. Namwelewa, anamtakia mama yake mazuri. Lakini nilimwambia dada sikiliza, MDF ni nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa na gundi, ikinywa maji kwenye ile kingo iliyokatwa inavimba na ikishavimba hairudi, skrubu za bawaba zinalegea mlango unaning'inia, na hapa kwetu hewa ya bahari ina unyevu mwaka mzima, tena jiko la uani sakafu inamwagiwa maji kila jioni. Mninga uliokauka hautanuki wala kunywea hovyo na mchwa wanauogopa. Kuung'oa huo uweke MDF unatoa mali unaweka karatasi. Alikaa kimya kidogo akasema haya kaka, ila nataka nione tofauti. Nikamwambia utaiona.

Saa 2

Kufungua milango. Watu wanadhani kazi ya kubadilisha jiko ni rangi, hapana, kazi ni hapa. Nyumba nyingi nimekuta mtu amepaka rangi juu ya bawaba, juu ya skrubu, mlango ukiwa umefungwa pale pale, mwisho rangi inabanduka kwenye maungio na milango inagandana.

Skrubu ya zamani iliyozikwa kwenye rangi ina adabu zake. Ukiiingilia na bisibisi moja kwa moja utakula kile kichwa na hapo umekwisha. Unachukua ncha ya kisu unachokonoa rangi taratibu ndani ya ule mfereji mpaka uone chuma, unaweka bisibisi inayoujaza mfereji wote, unaigonga kwa nyundo mara moja mbili kutikisa kutu, halafu unazungusha kidogo kwa KUKAZA kwanza, ukisikia ule mlio wa kuachia ndo unafungua. Iliyokataa kabisa naigusisha ncha ya pasi ya kulehemu mpaka ipate moto, ikipoa inalegea.

Kila mlango nabandika kipande cha tepu kwa ndani na namba, na namba hiyo hiyo naandika kwenye fremu ya kabati, maana milango ya fundi wa zamani haifanani, kila mmoja ulirandwa kwa tundu lake. Bawaba zikatoka, nikakwangua moja, kumbe shaba tupu! Nikamwita mama aje aone. Akasema marehemu mzee wake ndo alizinunua, alikuwa mtu wa reli, hakupenda vitu vya kukaa siku mbili. Tukaziweka kwenye sufuria kuukuu na maji na sabuni ya unga, dogo akaitenga juu ya jiko la mkaa nje, moto mdogo, zichemke polepole. Rangi inalainika inachubuka yenyewe bila kukwaruza shaba.

Saa 3 na nusu

Kuosha. Mafuta ya miaka ya samaki wa kukaanga yamekaa juu ya ile rangi, hasa milango ya juu iliyo karibu na moto, na hakuna rangi duniani inayoshika juu ya mafuta. Maji ya moto, sabuni, brashi ya kufulia kwenye kona za paneli, suuza, rudia, suuza kwa maji safi mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kujua kama bado nadondosha tone la maji juu ya ubao, likisimama duara bado kuna mafuta, likitandaa uko sawa.

Halafu najaribu rangi ya zamani ni ya aina gani, nachovya pamba kwenye spiriti nasugua sehemu iliyojificha, rangi ya maji italainika na kuchafua pamba, ya mafuta haishtuki. Hii ni ya mafuta kama nilivyodhani, kwa hiyo juu yake lazima msasa na praima, yani ile rangi ya chini ya kushikisha, ukipaka rangi ya maji moja kwa moja utaibandua kwa ukucha.

Saa 4 na nusu, chai. Mama katuletea mahamri na mbaazi za nazi. Sina la kuongeza hapo.

Saa 5

Msasa, na hapa naomba mtu yeyote anaetaka kujifanyia nyumbani anisikilize. Rangi za mafuta za zamani nyingi ziliwekwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto wadogo ndo kabisa maana linaathiri ubongo unaokua. Wajukuu wawili wa mama walikuwa wanatuzunguka tangu asubuhi, nikamwomba mama awapeleke kwa jirani na wakaenda. Mi sisugui rangi ya zamani kavu. Nachovya msasa wa maji kwenye ndoo, nasugua ukiwa umelowa, uchafu unatoka kama tope na naufuta kwa tambara, tambara linaingia kwenye mfuko na mfuko unafungwa. Hakuna kupuliza, hakuna kufagia, barakoa usoni. Simalizi mpaka ubao, namba 180 kuua ule mng'aro, 240 kulainisha, rangi iliyoshika vizuri inabaki kama msingi, penye mibanduko nasawazisha kingo tu.

Milango miwili ya juu yenye vioo nimekubaliana na mama haitapakwa. Hiyo nitaitoa rangi yote kwa dawa ya kubandulia, nimeanza kona moja na ule wekundu wa mninga umetokea, mama akashika akasema sikujua chini kuna hivi. Milango ya vioo vanishi, ya chini rangi. Binti alitaka nyeupe kila mahali, mi kwangu jiko jeupe tupu lenye mwanga wa uani linaumiza macho, na mlango wa chini unapigwa na miguu na ndoo kila siku. Tumechagua kijani kilichotulia, karibu na jani la mgomba lililokauka nusu.

Saa 7

Swala, halafu wali wa nazi na changu wa kukaanga. Jua la saa hizi sipaki rangi, hata msimu huu wa kusi ambao kuna ubaridi, ukipaka juani rangi inakauka juu kabla haijatandaa na alama za brashi zinabaki milele. Tumeilaza milango kivulini chini ya kibaraza juu ya magogo mawili.

Saa 8

Praima ya mafuta. Sababu ya kutokutumia ya maji ni mninga wenyewe, mti ule ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu, na ile rangi yake haikai kimya, ukipaka rangi ya maji sehemu ambayo ubao uko wazi inapanda juu. Nimeiona nyumba moja milango ilipakwa nyeupe safi, mwezi haukuisha ikatokeza madoa ya kahawia kwenye kila fundo, mwenye nyumba akadhani ni uchafu akawa anaosha tu. Praima ya mafuta inaufungia ndani. Mkono mmoja mwembamba, kona za paneli kwanza kwa brashi ndogo, halafu uso kwa rola ya sponji.

Saa 9, vigae na ukuta

Praima ikikauka sisi hatukai. Vigae havitoki. Ukuta huu ni mawe na chokaa, ukianza kugonga nyundo kung'oa vigae plasta itashuka na vipande vikubwa na hapo ndo "marekebisho madogo" yanageuka ujenzi. Dogo anakwangua ile mistari myeusi kwa kisu, milimita mbili tatu tu, tunaosha, tunajaza grauti mpya, ule udongo wa kuziba kati ya vigae, ya kijivu maana nyeupe jikoni ni kujitafutia kazi. Yani kufuta tu grauti iliyobaki juu ya vigae ukuta ukawa mwingine, mama akacheka kwa furaha.

Chini karibu na sinki rangi ya kijani imetoka malengelenge na chumvi nyeupe. Kuna mtu zamani aliziba pale kwa saruji halafu akapaka glosi. Ukuta wa chokaa unapandisha unyevu kutoka ardhini na unautoa wenyewe kupitia uso wake, ukiuziba kwa saruji na rangi ya mafuta maji hayana pa kutokea, yanasukuma rangi na kuacha chumvi. Tumetoa kile kiraka kwa patasi, tumeuacha wazi upumue wiki nzima, tutapiga plasta ya chokaa na mchanga, juu chokaa. Kile kiraka cha saruji hakikusaidia kitu pale.

Saa 10, mtungi

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatoka dirishani, inashuka inatuama chini, na ndani ya kabati lililofungwa inajaa inasubiri cheche. Nilimweleza mama kwa upole lakini bila kuficha. Tumeutoa mtungi, utakaa uani nje ukutani kwenye kivuli, umesimama wima, mpira mpya unapita kwenye tundu lenye bomba la kuukinga. Mpira wa zamani ulikuwa umeanza kupasuka karibu na kibano. Tumepaka povu la sabuni kwenye maungio yote, hakuna kilichotoa mapovu. Lile kabati lililobaki tupu tumelitoa mlango kabisa, ndani mama kashaweka kinu, mbuzi ya kukunia nazi na ungo wake, vitu ambavyo binti alisema vifichwe. Mi nilimtetea mama, mtu anaekuna nazi kila siku hawezi kuifuata mbuzi stoo.

Fundi umeme nae akapita. Tyubulaiti iko katikati ya dari, kwa hiyo mama akisimama kwenye kaunta taa iko mgongoni kwake na kivuli chake mwenyewe kinaangukia kibao cha kukatia, amekatia vitunguu gizani miaka yote hiyo. Kaweka ukanda wa taa za LED chini ya kabati za juu, zile za mwanga wa njano kidogo. Alipowasha mama akaleta kisu na kitunguu hapo hapo kujaribu.

Saa 11 na nusu jioni

Bawaba zimetoka kwenye sufuria, dogo kazisugua kwa limao na chumvi, kazisuuza kazikausha, zinawaka. Skrubu mpya nimenunua za shaba, za chuma zikigusana na shaba kwenye hewa hii ya chumvi zinaliwa haraka. Brashi naosha kwa tina, naifunga kwenye karatasi ili nywele zisipinde.

Binti kapiga video. Nikamwonyesha vigae, taa, ile kona ya mninga. Akauliza hiyo milango ya vioo ya juu ni mbao gani, nikamwambia ni ile ile uliyotaka tuing'oe dada, akasema kaka msiipake rangi hiyo tafadhali.

Kesho msasa mwepesi juu ya praima na mkono wa kwanza wa kijani, keshokutwa wa pili, halafu kufunga milango. Mama nimemwachia maelekezo: rangi ya mafuta ikikauka kwa kushika bado ndani ni laini, kwa hiyo wiki ya kwanza milango asiibane sana wala asiifute kwa maji, na baada ya hapo ni kitambaa laini na sabuni kidogo, stilwaya isiguse kabisa. Kaniambia niandike kwa herufi kubwa abandike mlangoni ili msichana wa kazi nae asome.