Marakuja yangu ya njano na maua ya bure

Mama jirani njo alinishauri niikate. Aliangalia ile marakuja vile ilikuwa imepanda ukuta yote ya mawe, maua inafunguka kila siku, kesho yake iko chini, na hakuna hata tunda moja, akanyamaza kidogo kisha akasema: « Mama batoto, hii yako iko dume. Inakunywa maji yako bure. Kata, upande maharagi. » Na maji ya Goma munajua, ziwa tunaiona pale chini kila asubui lakini bidoni tunanunua. Basi nilienda kabisa kutafuta panga. Panga ilikuwa kwa mutu mwengine alikuwa ameiomba tangu siku ya posho, njo ile tu iliokoa ile muti, si akili yangu.

Lakini nianzie kwa mbegu, juu batu wengi banapendaka kupanda marakuja (kule Kenya na Tanzania banaitaka pasheni ao karakara) na mbegu haitoki, kisha banasema butongo ya Goma haifae.

Mara yangu ya kwanza ilikuwa mwezi wa ine 2021. Mbegu nilikuwa nimezianika juu ya karatasi tangu Noeli, nikazifunga mu kasashe, nikaficha mu kabati, vile mama yangu alifanyaka na mbegu ya maharagi. Kumbe marakuja haiko maharagi. Mbegu yake ikiwa ingali mubichi, imetoka tu mu tunda, inaota kisha wiki mbili, tatu, ine kama kuko baridi. Ukiikausha na ikalala miezi, inakuwa na kichwa nguvu, ingine inaweza kaa miezi mu butongo mbele ya kutoka, ingine haitoki kabisa. Niliweka makumi tatu, zikatoka mbili. Mbili! Niliziweka kwa dirisha, nikawa naziangalia asubui mbele hata niwashe moto.

Tarehe 22 ya mwezi wa tano volkano ikapasuka. Ile jumamosi magaribi kila mutu wa Goma anakumbuka fasi alikuwa, siko nairudilia. Tarehe 27 asubui ikatoka sauti ya serikali kwamba tutoke mu muji, tukapanda boti ya Bukavu na batoto na godoro mbili, nani atawaza marakuja. Kurudi, zilikuwa zimekauka kama majani ya chai.

Ile safari haikuwa bure kabisa lakini. Kule Bukavu tulilala kwa mama mudogo wangu, na yeye marakuja inafunika choo yake, kuku zake zote, na kamba ya kuanika nguo. Nikamuuliza dawa yake ni gani, akacheka akasema « unazioshaka? » Kuosha mbegu? Mimi nilikuwa najua kutema na kupanda tu. Akanionyesha. Unachagua tunda nzito yenye imeanguka yenyewe, ikiwa ngozi imekunjika-kunjika kama uso ya mutu muzee njo muzuri zaidi. Unamwanga yote mu glasi, ile maji yake ya njano na mbegu, unaongeza maji kidogo, unafunika na kitambaa, unaacha siku tatu ichache. Itanuka pombe, usiogope, batoto watalalamika. Siku ya tatu ile kafuko yenye kuzunguka kila mbegu inakuwa imelegea, unamwanga mu chujio, unasugua na muchanga, unaosha, na unabakia na mbegu nyeusi safi. Ile kafuko njo inafungaka mbegu isiote haraka. Kisha hauanike. Unapanda siku ile ile, ao unalowesha usiku moja mu maji ya vuguvugu, unapanda asubui.

Nilipanda mu bidoni ya mafuta ya litre tano, nimeikata katikati, nimetoboa chini na musumari ya moto. Ndani butongo, muchanga nyeusi ya volkano, na mavi ya mbuzi yenye imekauka sana (ikiwa mubichi inaunguza). Mbegu inaingia chini kama sentimeta moja tu, si zaidi. Usiku ya Goma iko na baridi na hii mbegu inapenda joto, digrii 20 mpaka 30, basi kila magaribi nilikuwa naingiza bidoni mu kikoni, fasi ya karibu na mbabula, ile jiko ya makala. Bwana yangu alisema sasa tuko na mutoto wa ine. Siku ya kumi na saba nikaona shingo ya kijani imepinda inasukuma butongo. Kisha ingine. Mu wiki moja zilikuwa makumi mbili na moja.

Hapa niwaonye kwa kitu moja. Majani ya kwanza ya marakuja haifanane na marakuja. Iko nzima, ya mviringo, haina bidole. Ile majani ya bidole tatu yenye tunajua inakuyaka nyuma, muti ikikomaa kidogo. Mudogo wa bwana yangu, alikuya kutusaidia kufagia, akaona majani asiyoyajua mu bidoni, akang'oa sita mbele nitoke ndani nikipiga kelele. Sikumukasirikia sana. Sana hapana.

Kuzihamisha nilingoja zifike urefu ya mukono mpaka kwa kiwiko. Na sasa njo mambo ya Goma yenyewe: parsele yetu iko juu ya lava ya 2002, ukipiga jembe inalia tii! na cheche inatoka. Tulichimba na sururu siku mbili tukapata shimo ya magoti, kisha tukalipa kijana wa chukudu (ile kinga ya mbao ya kubeba mizigo) atuletee mifuko sita ya butongo. Batu banasema marakuja haiwezi kuishi mu mawe. Uongo. Mizizi yake haishuke sana, inatambaa juu-juu, na kitu yenye inaiuaka mbio ni maji kusimama kwa mizizi, inaoza, majani inanyauka siku moja na muti yote inaenda. Lava inanyonya maji hata kabla ya kufunga bidoni. Lile jiwe lenye tunalitukana kila siku, marakuja inalishukuru. Kiangazi njo utateseka, juu inakauka mbio pia, nilikuwa namwanga maji ya kuosha muchele na mboga, na kufunika chini na majani ya ndizi.

Zile za kwanza zilikuwa za hii kabila yetu ya hapa, kadogo, nyeusi-nyeusi. Sikuwa na shida nayo. Inapenda miinuko na hewa ya baridi kama ya kwetu, maua moja inajitosha yenyewe, nikapata tunda ya kwanza kisha mwaka moja na miezi mitatu tangu nipande mbegu. Kubeba mu mimba ni miezi tisa, hii ilinichosha zaidi.

Tena maua yake. Sikuwa nimeiangalia kabisa mbele ya ile siku. Mama mukwe, mwenye haachake misa hata mvua ya mawe ikinyesha, alisimama mbele yake akasema hii njo maua ya Mateso. Mimi nilikuwa nasoma « passion » nawaza mapendo, kama ya filime, kumbe ni Mateso ya Bwana. Bamisionere bale wa zamani kule Amerika ya Kusini, fasi hii muti inatokea, baliyaona mule ndani: zile nyuzi zenye kuzunguka ni taji ya miiba, zile tatu za juu ni misumari, tano za chini yake ni bidonda, na kamba zenye kujikunja-kunja ni fimbo. Majani kumi ya maua ni mitume, unatoa Yuda na Petro. Kwa nini Petro? Alimukana, alijibu mama mukwe, mbio sana, kama vile bado iko namuuma. Alinitaka pia nimuchemshie majani alale vizuri, juu aliona kwa farmasi dawa ya usingizi imeandikwa pasiflora. Nikakataa. Ile ya farmasi ni ndugu yake ingine, ya Marekani, na majani ya hii yetu iko na sumu ya ile namna ya sombe (majani ya muhogo) mbichi. Alininunia mpaka jumapili.

Bon, sasa ile ya njano. Mudogo yangu alitoka Uvira na tunda kubwa, njano kama limao, akanipa moja tu, nikapanda mbegu zake zote. Baridi ya hapa haikuzipenda, kule Uvira kuko chini na joto njo fasi yake. Ikabakia moja, lakini ile moja ilikuwa na nguvu ya ajabu. Nikaona nisipoteze wakati, nikakata bipande viwili vya kamba yake nikapanda kwa pembe zingine za ukuta, vikashika. Miti tatu ya njano! Niliwaringia batu. Zikatoa maua, kubwa, harufu mpaka kwa njia, kisha ikawa ile mambo ya mama jirani.

Nilijaribu kila kitu. Niliongeza mavi ya mbuzi, ikaongeza majani. Nilipiga sabuni kwa sisimizi zenye kuzunguka shina ya majani, nikidhani njo zinakula maua, kumbe kuko tuchunusi tuwili kwa shingo ya kila jani twenye kutoa kasukari, muti iko nazilipa sisimizi mushahara zilinde bilulu visikule. Nilikuwa nafukuza basentineli.

Kilichonifungua macho ni saa. Siku moja nilikuwa mugonjwa, nikakaa inje mwangaza yote ya siku, nikaona ile nyeusi imefunguka tangu alfajiri, na mbele ya saa sita ya muchana imejifunga. Ile ya njano inafunguka saa sita, inakaa wazi mpaka usiku. Zinaishi kwa ukuta moja lakini hazionanake! Moja inafunga duka, ingine iko nafungua. Ule unga wa njano wa maua, wenye basomi banaitaka chavua, hauna namna ya kutoka kwa moja kwenda kwa ingine. Na nikasoma pia kwa telefone kwamba ile ya njano haikubali unga yake yenyewe, hata kidogo. Ni kama kwetu, hauoe mu ukoo yenu. Na bipande nilikata? Vile haviko ukoo moja tu, viko mutu moja. Nilikuwa na miti tatu kwa macho, kwa ukweli ni moja imesimama fasi tatu.

Kumbe njo maana mbegu inapita kipande. Kila mbegu ni mutu wake. Lakini hata ndugu wa tunda moja wanaweza kukataana, hesabu ya damu ikigongana, basi nilimuomba mudogo yangu atafute tunda zingine mbili, na zisitoke kwa mama moja. Akaleta moja ya Uvira, moja ya Bujumbura. Nikaanza tena: glasi, siku tatu, harufu ya pombe, mbabula. Mwaka ingine na zaidi. Mama jirani alikuwa anapita anaangalia ukuta bila kusema kitu, na kunyamaza kwake niliisikia.

Siku zile mpya zilitoa maua, nilikuwa tayari. Saa saba ya muchana, si mbele, juu zile misumari tatu zinasimama kwanza wima, kisha saa moja hivi zinapinda kichwa chini zinatafuta unga, hapo njo inafaa. Napitisha kidole kwa maua ya Uvira, inatoka njano, naenda kugusa misumari ya ingine, zote tatu, narudi. Mvua ikinyesha saa ile, umekwisha, maji inapasua ule unga. Kuko pia nyuki mukubwa mweusi, ile yenye inatobolaka mbao ya paa na tunaifukuzaka na fagio. Ile iko na mugongo wa kimo kile kile, ikiingia inapakaa bila kujua. Bwana yangu alitaka kuziba tundu zake kwa mbao, nikamwambia aziache, paa itatengenezwa.

Kesho yake maua yote ikanyauka kama zamani. Moyo ukanianguka. Ya pili asubui, chini ya ile imenyauka, kulikuwa kitu ya kijani kama pipi. Kisha wiki moja kama yai ya njiwa.

Nilifanya maua kumi na mbili ile wiki, tisa zikashika. Ilichukua karibu miezi mitatu mpaka zigeuke njano na kuanguka, hauchume kwa mukono, unangoja ianguke. Panya ilikula moja. Tano tulifanya juisi, kali kidogo kupita ile nyeusi lakini inatoa maji mingi. Mbili nilimupelekea mama jirani mu sahani yenye imefunikwa. Alifunua, akaangalia, akauliza kama mbegu zake zinaweza kupandwa kwa upande wake wa ukuta. Nikamwambia ndiyo, lakini mbele ya yote atafute glasi.

Ile moja yenye inabakia iko juu ya kabati, inakunjika.