Nahesabiwa, sipigi kura: siku moja ya mwalimu wa uraia Des Moines

Saa 11 alfajiri. Simu inaonyesha 5:00, kichwa changu kinasoma saa kumi na moja, na baada ya miaka minane Iowa nimeacha kubishana nacho. Ni Februari. Theluji ya usiku imefunika gari mpaka vioo. Nilipokuwa nafundisha Morogoro, mwalimu aliyechelewa alisingizia daladala. Huku hata kisingizio sina, barabara imeshakwanguliwa watu wakiwa bado wamelala.

Saa 1:45 asubuhi. Spika ya darasani inatangaza kiapo cha bendera. Wengine wanasimama, wengine wanabaki vitini, nami siwagusi: Mahakama ya Juu ilishaamua mwaka 1943, katika kesi ya watoto wa Mashahidi wa Yehova kule West Virginia, kwamba mwanafunzi halazimishwi kusalimu bendera. (Nasi Tanzania tulikuwa na yetu ya wimbo wa taifa, iliyofika mpaka Mahakama ya Rufani.) Mimi husimama, mikono chini. Si raia wa hapa. Nina kadi ya ukaazi tu, na kazi yangu ni kuwaeleza watoto wa Kimarekani jinsi nchi yao inavyopata rais.

Saa 2 kamili. Kipindi cha kwanza kinapita haraka. Kijana mmoja amegoma kuvua kofia na anaitaja kesi ya Tinker. Ndiyo adha ya kufundisha mji huu: mwaka 1965 wanafunzi wa hapahapa Des Moines walivaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita vya Vietnam, wakasimamishwa masomo, na mwaka 1969 Mahakama ya Juu ikawapa ushindi kwa kura saba kwa mbili. Mary Beth Tinker alikuwa na miaka 13. Namwambia kijana kitambaa kile kilikuwa na ujumbe, kofia yake ina ujumbe gani? Anasema baridi. Darasa linacheka, kofia inabaki.

Saa 3:10. Hiki ndicho kipindi nilichokiandalia tangu Jumapili. Kwenye andalio la somo nimeandika neno moja: hesabu.

Mada ni wajumbe 538 wanaomchagua rais. Kila jimbo lina wajumbe sawa na idadi ya wawakilishi wake pamoja na maseneta wawili. Wanafunzi wanaijua kanuni hiyo kama kasuku. Wasichokijua ni ilivyofanya kazi mwanzoni, kwa hiyo leo siwahutubii. Nimegawa vikokotoo (vya namba, si kile cha pensheni, wastaafu wa kwetu wasishtuke) na takwimu za sensa ya 1790.

Pennsylvania: watu 434,373, watumwa hawafiki 4,000. Virginia: watu huru 454,983, watumwa 292,627. Kanuni: Katiba ya 1787 inasema mtumwa ahesabiwe tatu ya tano ya mtu, na sheria ya 1792 inatoa mwakilishi mmoja kwa kila watu 33,000, masalio yanatupwa. Fanyeni.

Dakika sita za kimya. Kisha vidole. Pennsylvania 13, Virginia 19. Sawasawa na ilivyokuwa kweli. Sasa rudieni Virginia, mara hii kwa watu huru peke yao. Binti wa safu ya nyuma, ambaye huwa hasemi, anapaza sauti: "Kumi na tatu!" Majimbo mawili yanayokaribiana kwa watu huru, moja limezidishiwa viti sita kwa sababu ya watu waliofungwa minyororo.

Nawapeleka kwenye uchaguzi wa 1800. Jefferson, mwenye watumwa, alipata kura 73 za wajumbe. Adams, ambaye hakuwahi kumiliki mtumwa, 65. Virginia yote 21 ilikwenda kwa Jefferson. Toeni sita: 67. Carolina Kusini nayo ilimpa zote nane, na bila hesabu ya watumwa ingekuwa na sita. Toeni mbili. Wanaganda. Sitini na tano kwa sitini na tano.

Hapo huwa nawavuta breki, maana kuna wanaotaka kukimbia na hitimisho. Adams naye alikuwa na kura kadhaa za Carolina Kaskazini na Maryland, majimbo ya watumwa, kwa hiyo naye angepunguzwa. Historia haikubali kutolewa jibu kwa kikokotoo. Ila atakayeniambia kwamba watumwa hawakuwa na uzito katika siasa za nchi hii, nitampa karatasi ile.

Kijana mmoja aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, wazazi wake Wakongo wa Fizi, ananifuata kengele ikishalia. Anauliza kwa Kiswahili, kama afanyavyo akiona jambo si la wenzake.

"Mwalimu, kambini walikuwa wanatuhesabu kwa ajili ya mgao. Kichwa kizima. Hawa je, walipata nini kwa ile tatu ya tano?"

Namjibu kwamba hawakupata kitu. Aliyepata ni bwana wao, alipata wabunge.

"Na baadaye?"

Baadaye ni mbaya zaidi, namwambia. Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya mwaka 1868, yalifanya waliokuwa watumwa wahesabiwe wazima. Kwa hiyo Kusini ikaongezewa viti, kisha ikawazuia Weusi haohao kupiga kura, kwa kodi, kwa mitihani ya kusoma na kwa kamba ya kunyonga, mpaka sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965. Anatikisa kichwa, anakimbilia kipindi cha hesabu.

Saa 6 mchana. Wali wa kiporo na maharage kwenye maikrowevu. Mwenzangu wa fizikia anauliza nani atashinda uchaguzi ujao. Situmbukii.

Saa 9 alasiri. Kusahihisha. Insha arobaini na moja, tatu kati yake zimeandikwa na mashine, hazina hata kosa moja la mtoto wa miaka kumi na saba.

Saa 12:30 jioni. Chini ya kanisa, viti vya plastiki, watu wazima tisa wanaojiandaa kwa usaili wa uraia. Wengi ni Wakongo, na mama mmoja wa Uvira ndiye moto wa darasa. Marekebisho ya Katiba mangapi? "Ishirini na saba." Wawakilishi? "Mia nne thelathini na tano." Haki gani ni ya raia peke yake? "Kupigia kura serikali ya shirikisho," anasema, kisha ananigeukia.

"Na wewe mwalimu, ulimpigia nani?"

"Sijapiga mama. Sina uraia."

"Ala! Na unatufundisha?"

Namweleza kwamba sensa ya 2020 ilihesabu watu 3,190,369 Iowa, nami nikiwamo, naye akiwamo, na hesabu hiyo ndiyo iliyoiachia Iowa wawakilishi wake wanne na wajumbe sita. Tumo ndani ya wale sita. Ananitazama kwa muda, anavuta kiti karibu na changu.

"Basi leta fomu yako, mwanangu. Tujaze wote."

Fomu iko kwenye gari, chini ya insha. Naenda kuichukua, theluji imeanza tena.