Antivairasi ya bure inanitosha nyumbani, ila nilianza kwa kuipanga

Laptopu ya nyumbani kwetu ni ex-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza, yenye ramu ya GB 8, na sijawahi kuilipia antivairasi. Nategemea Microsoft Defender, ile inayokuja ndani ya Windows 10 na 11. Kwa nyumba ambayo kazi yake ni kujaza fomu za KRA, masomo ya watoto na hesabu za chama, inatosha kabisa. Shida huwa kwamba wengi wanayo lakini imefungwa mikono.

Laptopu ya mtumba mara nyingi huja na Windows iliyofunguliwa kwa kreki, yaani programu ya kukwepa leseni. Ili kreki ikubali, aliyeiweka huiamuru Defender isiguse sehemu fulani, kisha huiacha hivyo. Fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, bonyeza Manage settings, shuka hadi Exclusions. Kwenye yetu nilikuta mstari mmoja tu: C:\. Yaani diski nzima ilikuwa imesamehewa ukaguzi, na bado ile alama ya kijani ilikuwa pale pale ikionyesha kwamba mambo ni shwari.

Nilifuta mstari huo, nikawasha Tamper Protection ili programu nyingine isibadilishe mipangilio kimyakimya, kisha nikachagua ukaguzi wa Microsoft Defender Offline. Huu huzima kompyuta, huiwasha tena na kuikagua kabla Windows haijaamka, wakati kirusi hakina pa kujificha. Huchukua kama dakika 15, kwa hivyo hifadhi kazi yako na uchomeke chaja kwanza. Baadaye niliweka Windows upya kwa flashi ya GB 8, kwa sababu mfumo wa kreki siuamini hata ukisafishwa. Laptopu iliyouzwa na Windows 10 tangu kiwandani kwa kawaida ina leseni ndani ya bodi; ukiweka toleo lile lile, inajifungua yenyewe.

Adui wa pili ni flashi inayotoka saiba. Kirusi cha shotikati huficha folda zako na kuweka shotikati zenye majina yale yale. Ukibonyeza, kirusi kinakimbia, kisha folda inafunguka kama kawaida, nawe hushuku lolote. Kwa hivyo flashi ikiingia siibonyezi mara mbili: nabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, nachagua Scan with Microsoft Defender. Defender itaondoa shotikati, lakini folda zitabaki zimefichwa, na hapo ndipo watu hulia kwamba kazi imefutwa, wengine wakaifomati flashi bure. Haijafutwa. Fungua Command Prompt, kama flashi ni E andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Zote zitarudi. Siku hizi hati ya kuchapisha naituma saiba kwa baruapepe, flashi inabaki nyumbani.

Kwa wanaotumia bando la simu: mtandao ukiwekwa kama metered, yaani wa kubana data, Defender haijisasishi yenyewe. Ingia Protection updates, bonyeza Check for updates kwa mkono, angalau kila baada ya siku mbili.

Sikuongeza antivairasi nyingine ya bure juu yake. Ukiiweka, Defender hujiondoa kazini, nawe unabaki na matangazo ya kukuuzia. Tena bure ina namna nyingi za kujilipa: Avast iliuza data za watumiaji wake kupitia kampuni tanzu ya Jumpshot hadi ilipoifunga 2020, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaitoza dola milioni 16.5.

Hakuna antivairasi, hata ya kulipia, inayoziba tundu la Windows yenyewe. WannaCry, kirusi kinachofunga faili na kudai fidia, ilivamia Mei 2017 kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake Machi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo kabla ya kununua ex-UK sasa, uliza kama inakubali Windows 11. Nyingi za zamani hazikubali.

Mwisho niliwasha Controlled folder access, inayozuia programu ngeni kubadilisha faili za Documents. Huzuia na zisizo na hatia: programu ikikataa kuhifadhi, iongeze kwenye Allow an app. Nakala za picha na hati ziko kwenye diski ya nje, nayo naichomoa kila nikimaliza kunakili.