Nilivyotoka kwenye madeni nane bila kukopa tena

Kadi yangu ya benki ilikaa kwenye droo ya mtu aliyenikopesha kwa miezi 10 na siku kadhaa. Niliiona mara moja tu katika muda huo, siku nilipokwenda kuomba anipunguzie. Alifungua droo kutafuta kalamu, nikaona kadi zimefungwa mpira kama karata, kila moja imebandikwa kikaratasi chenye jina na namba ya siri. Ya juu kabisa ilikuwa ya mwalimu mwenzangu tuliyekaa meza moja ofisini, na hakuna siku tuliyowahi kuambiana. Mimi nilimficha yeye, yeye alinificha mimi, na wote wawili tulikuwa tunachangia chai ya ofisi kana kwamba mambo shwari.

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata hapa Morogoro. Mshahara wangu wa msingi ni laki 7 na ushei, lakini mtumishi mwenzangu anajua kinachofuata: pensheni asilimia 5, bima ya afya 3, chama cha walimu 2, bodi ya mikopo 15, kodi, halafu benki. Ulikuwa unaingia kama 290,000. Yule wa droo alikuwa anautoa wote siku ya mshahara, anachukua 150,000 yake, kinachobaki ananihesabia mkononi. Nilimkopa laki 5 Januari 2024 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Mikopo hii tunaiita kausha damu, na waliokwisha kuichukua wanajua kwa nini: unalipa riba kila mwezi, laki 5 yenyewe inakaa palepale haijaguswa.

Kabla sijasema nilivyotoka, niseme ushauri ulionipotezea mwaka mzima, kwa sababu mpaka leo nasikia watu wanaurudia kwenye vijiwe na kwenye magrupu ya walimu: "Nenda benki kaongeze mkopo, ulipe midogo yote, ubaki na deni moja." Nilifanya hivyo Mei 2024. Benki walifunga mkopo wa zamani, wakafungua mpya wa miaka 7, wakakata bima na gharama zao, nikapata kama milioni 1.4 mkononi. Siku ile niliona nimekombolewa. Nilitoka benki na bahasha ndani ya pochi, pochi ndani ya mkoba, mkoba nimeukumbatia kwenye daladala, moja kwa moja kwa mtu wa droo na 650,000: laki 5 ya mtaji na 150,000 ya mwezi ule.

Mwenyewe hakuwepo. Alikuwepo kijana wake. Akahesabu mara mbili, akaniambia, "Mwalimu, bosi amesafiri, droo ina ufunguo wake, njoo Jumatatu uchukue kadi na risiti." Nikaondoka. Nimesomesha watoto wa watu miaka 11 na kila siku nawaambia waandike, lakini siku hiyo mimi niliacha 650,000 bila maandishi yoyote. Jumatatu bosi akanifungulia daftari lake: kwangu imeandikwa 200,000, yaani riba ya Mei na faini ya 50,000. Kijana ameacha kazi, yuko Mbeya. Nililia pale mbele ya wateja wengine, na hakuna kilichobadilika.

Hela iliyobaki haikumaliza wiki tatu. Mama alilazwa hospitali ya mkoa, ada na sare za watoto zikadai, VICOBA, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, nikawapunguzia kidogo. Mwezi uliofuata nilikuwa na madeni yaleyale, pamoja na makato ya benki yatakayoendelea hadi 2031. Mkopo wa kulipia mkopo unamfaa mtu ambaye fedha inatoka benki na kuingia moja kwa moja kwa wadai. Ikipita mkononi mwako, mahitaji ya nyumbani yanaiwahi.

Kuanzia hapo nikaanza kuziba. Kikundi cha marejesho ya kila wiki kilinipa 300,000. Nikaingia na programu mbili za mikopo kwenye simu. Ya kwanza iliniandikia mkopo wa laki moja, ikaingia 70,000, na baada ya siku 7 ikadai 120,000. Ya pili iliingiza 55,000 ikadai 90,000. Nilikuwa pia nimeazima kwenye laini ya simu, kiasi kwamba kila hela iliyotumwa kwangu ilimezwa kabla sijaiona.

Mwisho wa Novemba 2024, baada ya kumaliza kusimamia mtihani wa kidato cha nne, nilimwambia baba watoto. Nilichagua usiku, watoto wamelala, umeme umekatika, kwa sababu sikutaka anione uso. Nikamtajia moja baada ya jingine mpaka nikamaliza. Alinyamaza muda mrefu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Kadi iko wapi?" Nikamwambia. Akasema, "Kesho tunakwenda wote." Mwanaume niliyemwogopa mwaka mzima alichosema ni hicho tu.

Usiku uleule tuliwasha taa ya simu nikachukua kauntabuku jipya la shule, nikapiga mistari kwa kalamu nyekundu. Safu zilikuwa tano: nani ananidai, nilipokea ngapi, nimeshalipa ngapi, anadai ngapi, na ya mwisho, deni hili linakua au limelala. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoisisitiza kwa kila anayeniuliza. Nilikuwa na wanane, ukiacha benki: mtu wa droo 650,000, VICOBA 450,000, dada yangu 200,000, kikundi cha marejesho 195,000, programu mbili 120,000 na 90,000, Mangi wa dukani 86,500, na laini ya simu 48,000. Jumla 1,839,500. Kwa mwaka mzima nilikuwa sijawahi kuijumlisha, nilikuwa nahisi kama ni milioni 5.

Wapo wanaosema anza na deni dogo ili upate moyo. Kwa upande wangu moyo ulikuwepo, tatizo lilikuwa riba. Deni la dada na la Mangi yalikuwa yamelala: leo 200,000, mwakani 200,000. La mtu wa droo lilikuwa linakula 150,000 kila mwezi. Kwa hiyo dada na Mangi nikawafuata kwa heshima, nikawaambia tarehe, nikawaomba subira. Mangi aligeuza ukurasa wa daftari lake akaandika "Mwl. – Machi" na akanipa unga wa siku hiyo kwa fedha taslimu. Posho ya kusimamia mtihani, laki 3 na kitu, sikuigusa mpaka niwe nimeonana na wote.

Suala la kadi ndilo lililokuwa na ushauri mbovu kuliko yote. "Nenda benki, wafungie kadi, wakupe mpya, mwache na plastiki yake." Kuna mwenzetu wa shule jirani alifanya hivyo. Jamaa walikwenda na mkataba wake mpaka kwa mkuu wa shule, kisha nyumbani kwake, wakabeba televisheni na jiko la gesi mbele ya majirani. Mimi nilitaka kadi, na nilitaka pia karatasi inayosema tumemalizana.

Tulikwenda kwanza kwa mtendaji wa mtaa, mama mtu mzima. "Shikamoo mama," tukaketi, nikampa nakala ya mkataba. Nilikuwa nimeshajisomea: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji wa namna ile awe na leseni ya Benki Kuu, na riba ya wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana kama yeye, ina ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwenye laki 5 hiyo ni 17,500. Mimi nilikuwa natoa 150,000. Mtendaji akampigia simu, jamaa akaja na daftari lake, amevaa kiungwana kabisa.

Sikubishana naye juu ya ile 650,000. Nilikuwa nimeamua tangu nyumbani kwamba sitaitaja, maana angekana na kikao kingeishia hapo. Nikasema, "Kaka, mimi naomba tutumie daftari lako mwenyewe." Mtendaji akasoma kwa sauti, mimi naandika. Februari, Machi, Aprili, 450,000. Mei, 200,000. Juni mpaka Novemba, 900,000. Akajumlisha kwenye mgongo wa bahasha: 1,550,000. Akamwangalia. "Ulimpa laki 5?" Ndiyo. "Na bado unamdai laki 6 na nusu?" Ndiyo. "Leseni yako ya Benki Kuu unayo hapo?" Akatoa leseni ya biashara. Mtendaji akaivalia miwani: ilikuwa ya kuuza vifaa vya simu.

Hapo sauti ya jamaa ilishuka. Akaanza kusema Mwalimu ni mteja wake mzuri, hawezi kumkomoa. Baba watoto, aliyekuwa kimya muda wote, akasema tutatoa laki 2, nusu leo, nusu mwisho wa Desemba, na kadi inarudi leo. Mtendaji akaandika, tukasaini wote wanne, muhuri ukapigwa. Laki moja nikaihesabu palepale kutoka kwenye posho. Kadi ililetwa na bodaboda baada ya nusu saa, ile karatasi ya namba ya siri ikiwa bado imebandikwa. Nikaenda nayo benki mchana huohuo kubadilisha namba, na nilipomaliza nilisimama pale mashine nikaomba salio mara mbili, ingawa nilijua hakuna kitu.

Zile programu za simu zilinifundisha jambo ambalo sikulijua. Wanakopesha bila dhamana, ndivyo wanavyojitangaza, lakini dhamana ipo, nayo ni aibu yako. Unapoipakua inaomba kusoma majina yote kwenye simu, na ukichelewa wanawatumia watu wako picha yako na matusi. Mwezi huohuo wa Novemba Benki Kuu ilikuwa imetoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni, na watu wakashangilia kwamba hakuna kulipa tena. Mimi hilo sikulikubali. Hela iliingia kwangu, nikanunulia chakula. Niliamua nitalipa kile kilichoingia, 70,000 na 55,000, na si shilingi zaidi.

Lakini kwanza niliitoa ile dhamana yao. Nilinunua kifurushi cha ujumbe nikawaandikia watu 214, wote waliokuwa kwenye simu yangu, wakiwemo mkuu wa shule, mchungaji, wakwe na wazazi wa wanafunzi: "Ndugu na marafiki, nimekopa kwenye programu mbili za simu na nimechelewa kulipa. Huenda mkatumiwa picha yangu na maneno kwamba mimi ni tapeli, au kwamba ninyi ni wadhamini wangu. Hamkunidhamini. Msiwatumie hata shilingi. Deni ni langu na ninalilipa." Kidole kilikataa kubonyeza kwa muda. Nilipoutuma nilizima simu nikaenda kuchota maji.

Nilipoiwasha kulikuwa na majibu zaidi ya 60. Walionilaumu hawakufika watano. Wengine waliniombea, na wengi, wengi mno, waliandika kwa kifupi: "Hata mimi." Siku ya nne mkusanyaji akanipigia akifoka, "Tutawatumia watu wako wote!" Nikamjibu, "Nimeshawatumia mimi. Nipe namba ya kulipia 70,000." Alikaa kimya kabisa. Akataka 120,000, nikamwambia ninayo 70,000 leo, na ile sauti ya kufoka ikaisha. Nililipa, nikapiga picha ya uthibitisho, nikafuta programu na kuondoa ruhusa zake zote. Ya pili ikafuata Januari.

VICOBA walikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Nilisimama kwenye kikao, nikamwambia mama mwenyekiti mbele ya wote hali yangu. Wakanikata mgao wangu wa Desemba, 210,000, zikabaki 240,000 ambazo nililipa 40,000 kwa mwezi bila faini. Marejesho ya wiki, 32,500, baba watoto ndiye aliyeyabeba: ni seremala, akapigilia kibubu cha mbao, akawa anatia 5,000 kila jioni aliyopata kazi. Wiki sita, deni likaisha. Laini ya simu nililipa yote mara moja kwa sababu ile ada yake ni ya kila siku, kisha nikajitoa kwenye huduma.

Mangi alilipwa Machi kama alivyoandika. Dada alimalizika Oktoba 2025, na hapo nikapiga mstari mwekundu wa mwisho. Miezi 11. Nilichotoa kwa wote wanane ni 1,304,500. Ile 535,000 nyingine iliyokuwa kwenye kauntabuku ilifutika kwa kukaa na watu na kuzungumza. Benki bado wananikata, na wataendelea.

Yule mwalimu tuliyekaa meza moja, mwenye kadi ya juu kwenye droo, alinifuata wiki iliyopita wakati wa chai. Alianza na habari za mitihani ya majaribio, akazunguka sana kabla ya kufika. Tunakwenda wote kwa mtendaji Jumamosi. Nimemwambia aje na nakala ya mkataba, aandike tarehe zote alizolipa, na asije peke yake, aje na mumewe.