Kutoka Primm hadi Phoenix: njia yalikojifunzia magari yanayojiendesha

Primm ni kituo cha kasino na mafuta kilichokaa juu ya mpaka wa Nevada na California, kilomita 65 hivi kusini mwa Las Vegas. Safari hii niliianzia hapo kwa sababu ya mashindano mawili. Tarehe 13 Machi 2004, DARPA, taasisi ya utafiti ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ilitaka magari yasiyo na dereva yatoke Barstow hadi Primm, kilomita zipatazo 230 za jangwa la Mojave, kwa zawadi ya dola milioni moja. Yalifuzu magari 15. Hakuna lililofika. Tarehe 8 Oktoba 2005 zawadi ilipanda hadi milioni mbili, njia ya kilomita 212 ikaanzia na kuishia Primm, na magari matano yakaimaliza. Kilichobadilika katika miezi ile 19 kinaeleweka vizuri zaidi ukiwa umeikanyaga ardhi yenyewe.

Sehemu ya kuona ni Beer Bottle Pass, kipito cha mlimani karibu na Primm. Usiende na gari dogo la kukodi: njia ni ya vumbi na kokoto, na kampuni nyingi za kukodisha haziruhusu magari yao kutoka nje ya lami. Chukua gari lililoinuka, punguza upepo wa matairi kidogo, beba maji. Kipito kina kona moja baada ya nyingine na upana wa kutosha gari moja, upande mmoja mwamba, upande mwingine poromoko. Hapa ndipo Stanley, Volkswagen Touareg la Chuo Kikuu cha Stanford kutoka timu ya Sebastian Thrun, lilishuka polepole likielekea kushinda kwa muda wa saa 6 na dakika 54.

Saa mbili kabla ya kuanza, kila timu ilipewa faili lenye nukta 2,935. Kila nukta ilikuwa na latitudo, longitudo, upana wa njia na kikomo cha mwendo. Kwa hiyo gari lilishajua linakokwenda. Kazi yake ilikuwa kutafuta pa kukanyaga. Juu ya paa la Stanley palifungwa laida tano, yaani vipimo vya miale ya leza, kila moja imeinamishwa kwa pembe yake. Kila laida ilichora mstari mmoja ardhini, na gari lilivyosonga mistari ile ikaungana kuwa picha ya ardhi. Shida ni kwamba picha hiyo iliaminika hadi mita 22 hivi tu mbele. Umbali huo unatosha kufunga breki salama ukiwa kwenye kilomita 40 kwa saa, na kwa mwendo huo hushindi.

Jibu la timu ya Stanford bado nalihesabu kuwa moja ya mawazo bora katika fani hii. Kipande cha ardhi kilichothibitishwa na laida kuwa kinapitika kilitumika kuifundisha kamera: rangi na sura hii ndiyo barabara ya sasa. Kamera ikaitafuta rangi hiyo mbele zaidi, hadi mita 70, na ikajifunza upya kila wakati kwa sababu vumbi la Mojave hubadilika rangi kutoka bonde hadi bonde. Lakini kamera haikupewa usukani. Iliruhusiwa kuamua mwendo tu: ikiona njia ni safi, gari liongeze, ikiwa na shaka, lirudi kwenye mwendo wa laida.

Shida ya pili ilitokana na mtikisiko. Gari likipanda tuta na pua ikainuka nusu digrii, kipimo cha mita 20 mbele hukosea kwa sentimita 17 kwenda juu au chini. Kompyuta huona kizuizi pasipo na kitu na kukwepa bila sababu, na pale Beer Bottle Pass kukwepa ni kuanguka. Stanford waliacha kuamini kila nukta ya laida kwa uzito uleule: nukta mbili zilizopimwa karibu kwa wakati zililinganishwa kwa ukali, zilizopishana kwa muda ziliruhusiwa kukosea. Vigezo hivyo havikukisiwa. Mtu aliendesha gari kwa mkono, na kila kizuizi ambacho kompyuta ilidai kukiona mahali ambapo magurudumu yalipita salama kikahesabiwa kuwa kosa la kurekebisha.

Stanley lilimpita H1ghlander, Hummer la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon lililokuwa limeongoza kwa muda mrefu kabla injini yake haijaanza kupoteza nguvu kwenye miinuko. Sababu haikujulikana hadi 2017: kichujio cha umeme kati ya kompyuta ya injini na vipulizia mafuta kilikuwa na hitilafu, kwa dalili zote tangu gari lilipopinduka katika majaribio kabla ya mashindano. Kifaa kidogo, tena hakihusiani kabisa na akili ya gari. Wanaopanga magari haya kwa ajili ya barabara mbovu walikumbuke hilo: mtetemo huua viunganishi vya nyaya mapema kuliko unavyoua programu.

Kutoka Primm nilishika barabara kuu ya I-15 kwenda kusini-magharibi, zaidi ya kilomita 180 hadi Barstow. Njiani kuna Baker, ambako ni busara kujaza mafuta. Kusini mwa Barstow kuna vilima vya Daggett Ridge, ambako gari bora la 2004, Sandstorm la Carnegie Mellon, lilikwama baada ya kilomita 11.8. Lilikata kona kali kwa ndani, tumbo likakalia ukingo wa udongo, na magurudumu yakazunguka papo hapo hadi mpira ukashika moto. Timu ilikuwa imetumia zile saa mbili kuichora upya njia kwa ramani za kina, na gari likauamini mno mstari ule uliochorwa. Kwenye kona kama ile, mita moja ya tofauti kati ya ramani na ardhi inatosha kumaliza safari. Mwaka 2005, kati ya magari 23 yaliyofika fainali, yote isipokuwa moja yalivuka umbali huo.

Victorville iko kusini zaidi, mwendo wa chini ya saa moja. Kambi ya zamani ya jeshi la anga, George, iliyofungwa 1992, siku hizi ni uwanja wa ndege ambako ndege kubwa huegeshwa kwa muda mrefu. Mitaa yake ya nyumba zilizohamwa ndiyo iliyotumika tarehe 3 Novemba 2007 kwa mashindano ya DARPA ya mjini: kilomita 96 kwa saa sita, katikati ya magari mengine yenye madereva, kwa sheria za barabarani za California. Jangwani kizuizi ni jiwe, na jiwe halina nia. Hapa kila kizuizi kilikuwa na nia yake.

Magari mawili ya vyuo vikuu, Talos la MIT na Skynet la Cornell, yaligongana kwa mwendo mdogo, na timu zote mbili zikachambua tukio kwa pamoja na kwa uwazi. Skynet lilikuwa likisimama na kusogea kwa kusitasita. Talos, ambalo mfumo wake ulikichukulia kitu cha mwendo mdogo kana kwamba kimesimama, likalipita na kuingia mbele yake. Skynet nalo likaanza kuondoka. Kila moja lilijua mwenzake yuko wapi. Hakuna lililojua mwenzake anataka kufanya nini. Boss, Chevrolet Tahoe la Carnegie Mellon na General Motors, lilishinda kwa saa 4 na dakika 10. Magari sita yalimaliza, mengi yao yakiwa na laida mpya ya kampuni ya Velodyne yenye miale 64 inayozunguka na kupima zaidi ya nukta milioni moja kwa sekunde. Miaka miwili baadaye Google ilianzisha mradi wake na kuwaajiri wengi waliotoka kwenye timu hizi. Mradi huo ndio Waymo ya leo, kampuni ya teksi zisizo na dereva.

Kutoka Victorville unashuka Cajon Pass, unashika I-10 kwenda mashariki, na ni zaidi ya kilomita 500 za jangwa hadi Phoenix, Arizona. Hakuna cha kusimulia humo isipokuwa joto.

Tempe, jirani ya Phoenix, nilisimama Mill Avenue, kusini mwa makutano ya Curry. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, Volvo la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua Elaine Herzberg akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Kivuko kilikuwa mita 110 kutoka hapo. Uchunguzi wa NTSB, bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, ulionyesha kwamba vihisi vilimwona sekunde 5.6 kabla, muda wa kutosha kabisa kusimama. Lakini programu haikuwa na wazo la mtu anayevuka nje ya kivuko. Ikamwita gari, ikamwita kitu kisichojulikana, ikamwita baiskeli, na kila jina lilipobadilika ilifuta historia ya mwendo wake na kuanza kukisia upya. Breki ya dharura ya Volvo yenyewe ilikuwa imezimwa isigongane na mfumo wa majaribio, na msimamizi aliyeketi kwenye usukani alikuwa akitazama simu. Yeyote anayeandika programu ya gari anapaswa kuijua ripoti hiyo ukurasa kwa ukurasa.

Phoenix yenyewe ndiyo mji wa kwanza ambako umma uliweza kuita teksi isiyo na mtu mbele, Oktoba 2020. Hatua ni chache. Pakua programu ya Waymo, weka kadi ya benki, chagua unakokwenda. Angalia herufi zinazong'aa kwenye kuba juu ya paa uhakikishe ni gari lako, fungua mlango kwa simu, funga mkanda, bonyeza kitufe cha kuanza. Kiti cha dereva hakikaliwi. Ukitaka kushuka kabla ya mwisho kuna kitufe cha kuegesha. Cha kuongea na mhudumu kipo pia. Jua kwamba gari hukushusha linapoona ni salama kusimama, na hapo panaweza kuwa hatua kadhaa kutoka mlangoni.

Jaguar I-Pace lililonibeba lina kamera 29, laida tano na rada sita. Laida ya juu huona hadi mita 300. Linganisha na mita 22 za Stanley. Hata hivyo makosa ya magari haya yanafundisha kuliko takwimu za vihisi. Desemba 2023 magari mawili ya Waymo, dakika chache moja baada ya jingine, yaligonga pikapu ileile iliyokuwa ikikokotwa kinyumenyume na kukaa mshazari kati ya njia mbili. Programu ilitabiri kwamba pikapu itafuata uelekeo wa pua yake. Magari 444 yakasahihishwa programu. Mei 2024 gari moja likagonga nguzo ya mbao kichochoroni, kwa sababu nguzo ilisimama usawa wa barabara bila ukingo na programu iliipa uzito mdogo wa madhara; magari 672 yakasahihishwa, na ramani zikaongezewa kingo ngumu. Desemba 2025 umeme ulipokatika San Francisco, magari mengi yaliganda kwenye makutano yenye taa zilizozima, yakisubiri wahudumu wa mbali wayathibitishie hali. Wahudumu hao hawashiki usukani. Hujibu maswali ya gari. Maswali yakiwa mengi kwa wakati mmoja, foleni ya majibu huwa foleni ya barabarani.

Kwa hiyo naamini magari haya yataenea mji kwa mji, kila mji ukichorwa ramani yake na kuendeshwa kwa mkono kwanza. Tokyo ilianza hivyo 2025, na London imetangazwa baada yake. Zote huendesha kushoto, kwa hiyo upande wa barabara hautakuwa kisingizio Afrika Mashariki. Dar es Salaam nisingeanzia Kariakoo. Ningeanzia njia ya mabasi ya mwendokasi ya Kimara hadi Kivukoni: imetengwa, ina kingo, mabasi yanajulikana, na anayetakiwa kukisiwa zaidi ni mtu anayevuka na bodaboda inayochepuka. Hata huko kuna Jangwani, bonde linalofurika mvua kubwa ikinyesha. Mwale wa laida ukigonga maji yaliyotulia mara nyingi huakisiwa mbali na haurudi, au hurudisha uso wa maji bila kina chake, kwa hiyo basi lingehitaji vipimo vya kina vilivyofungwa barabarani na agizo la kusimama kutoka kituo cha udhibiti kabla halijaingia bondeni.