Siku yangu na vifaranga wa wiki ya tatu, Juni, Dodoma

Saa 10 alfajiri. Upepo wa Juni hapa Nala hauna adabu. Naingia bandani na tochi, na kabla sijagusa chochote nasikiliza. Vifaranga wenye baridi hupiga kelele na kurundikana kwenye jiko la mkaa linalowapa joto. Waliozidiwa na joto hukaa mbali, mabawa wameyaachia, wanahema. Leo wametulia, ila wa upande wa mashariki wamebanana. Nakaza pazia la viroba, naongeza mkaa niliouwasha nje mpaka ukawa mwekundu. Moshi na banda lililofungwa havipatani.

Saa 12 asubuhi. Maji safi, chakula, maranda yaliyolowa natoa.

Saa 1 na nusu. Sasa kazi ninayoipenda kuliko zote. Nakamata kifaranga mmoja kila kona, nakunjua bawa, kisha namgeuza nipulizie kifua. Manyoya ya bawa hutangulia; huanza kuchomoza siku za mwanzo kabisa. Mkia hufuata, halafu mabega, mgongo na kifua, kichwa na shingo vikija nyuma. Mpaka wiki ya 5 au ya 6 ndipo kuku huwa amevaa kweli.

Hapo ndipo vifaranga wengi wanapofia. Mfugaji anaona mabawa yamejaa, anazima jiko. Lakini bawa si blanketi. Kinacholala kwenye maranda usiku ni kifua na tumbo, na wiki hii bado vina malaika tu, yale manyoya laini ya kifaranga: nikipuliza, ngozi naiona. Kuku wa aina ya kishingo ndiye wa kuangaliwa zaidi, maana hata akikua shingo yake hubaki wazi.

Unyoya mpya hutoka kama mwiba mdogo, umefungwa ndani ya ala nyembamba, na ndani yake mna damu. Ukikomaa, ala hupasuka na kifaranga huichambua kwa mdomo. Ndiyo huo unga mweupe unaokuta juu ya vyombo vya chakula. Usikimbilie dawa ya utitiri kwa sababu yake.

Saa 4. Nachanganya chakula cha kundi kubwa lililoko banda la pili. Unyoya karibu wote ni protini, tena protini inayotaka methionini, moja ya viini vinavyojenga protini. Mkoa wetu na jirani zetu wa Singida tumebarikiwa alizeti, na mashudu yake yana methionini ya kutosha. Upungufu wake ni laisini, kiini kingine cha aina hiyo, hivyo naongeza dagaa waliosagwa. Pumba peke yake haivalishi kuku. Kundi lililokosa protini hubaki na migongo mitupu, likaanza kudonoana, na ule mwiba wenye damu ukikatika, wote humvamia mmoja.

Saa 8 mchana. Jua limewaka, pazia juu, jiko nimelipunguza. Wanajichambua kwa bidii kweli. Anaingia mama mmoja kutoka Chamwino.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hawa si wameshaota manyoya? Nipe ishirini niwaachie uani."

Namwekea mmoja kiganjani, namwomba ampulizie kifuani. Anapuliza, anaangalia, anaguna.

"Kumbe huyu yuko uchi!"

Namweleza: wiki ya kwanza wanataka nyuzi joto 32 hadi 35, kisha unapunguza kama 3 kila wiki, na hesabu hiyo haiangalii usiku wetu wa Juni. Tunakubaliana aje kuwachukua wakishavaa kifuani. Ningeweza kumuuzia leo, hela ningepata, lakini angewazika kabla ya Jumapili.

Saa 12 jioni. Joto linashuka haraka jua likizama. Narudisha pazia, jiko katikati, duara la karatasi ngumu nalibana kidogo wasisukumwe pembeni.

Saa 3 usiku. Nakagua mara ya mwisho. Wa mashariki bado wanabanana, hivyo kesho naenda kutafuta viroba vingine sokoni Sabasaba, nishone pazia la pili upande ule.